Mkalimani wa Mama Yako

Leokadia mwanangu,

Habari ziwafikie popote walipo: shangazi yako aliyekwenda leo Ngara mjini, mama yako mkubwa aliyeko Runazi, pamoja na masista wote walioandika ile orodha ya vitu vya kwenda navyo. Familia inasikitika kutangaza kifo cha beseni la bluu, kilichotokea leo saa nane mchana hapa nyumbani Kirushya, baada ya beseni hilo kukaliwa na baba mwenye nyumba, mtu wa kilo zake, aliyekuwa akitafuta miwani iliyokuwa usoni kwake. Marehemu alikuwa na umri wa siku tatu. Ameacha ndoo moja na kopo. Mazishi yamefanyika nyuma ya jiko bila wimbo. Nimekwenda sokoni mwenyewe na aibu yangu nikapata jekundu. Masista wakiuliza kwa nini si la bluu kama orodha inavyotaka, waambie baba yako ni mzito kuliko anavyoonekana.

Umecheka? Kama umecheka, nashukuru, maana huko mbele hakuna cha kuchekesha sana. Na marahaba, ninaitikia kabisa shikamoo yako ya kesho asubuhi, kwa sababu sina hakika sauti yangu itatoka.

Sasa hivi umekwenda kuaga majirani, na majirani zetu nawajua, hawakuachii mpaka ule ndizi kila nyumba. Nina muda. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kuvaa sweta, wala za kutomjibu mkubwa. Hayo shangazi yako ameyasema mara nne na akirudi atayasema ya tano. Mimi ninalo moja tu, na nimelizunguka miaka sita kama mtu anayezunguka nyumba yenye mbwa.

Juzi ulikuwa unakunja sketi zako kitandani, nami nimesimama mlangoni nikijifanya nakagua bawaba. Nikakuuliza, kwa utani, kama kweli umeshindwa kabisa kupata kijana wa Ngara nzima mpaka ukaamua utawa. Hukucheka. Ulisema, bila kuinua kichwa, "Baba, mimi nina malipizi yangu. Mama angekuwa hai kama mimi nisingekuwa na mashaka." Halafu ukachukua sketi nyingine ukaikunja.

Unakumbuka nilijibu nini? Nilisema, "Usisahau kandambili."

Hilo ndilo jibu alilotoa baba yako, mtu anayelishwa na maneno. Nikatoka nje nikasimama kwenye migomba mpaka shangazi yako akaja kuniuliza kama natafuta kuku.

Mwanangu, unakwenda kutoa maisha yako yote kama malipizi ya kosa, na mimi najua jambo kuhusu kosa hilo ambalo wewe hulijui. Mwanzoni nilifikiri niichimbie barua hii chini ya mashuka, uikute ukiwa umeshafika, umeshapewa kitanda, umeshazoea kengele. Baadaye nikaona huo ni ujanja wangu ule ule. Nitakupa mkononi leo ukirudi, kabla ya basi. Ukishaisoma, uamue mwenyewe kama unapanda.

Ili unielewe inabidi nianzie Rusumo, kazini kwangu. Wewe unajua mimi ni karani wa wakala wa forodha. Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini miaka yote hii kilichonipa chakula ni ulimi. Dereva anatoka Kigali au Bujumbura, ofisa ametumwa kutoka pwani na hajui hata salamu ya "mwaramutse", na mimi Mhangaza nasimama katikati. Ulikuwa mdogo nilipowasimulia habari ya yule dereva aliyesubiri mpakani siku mbili, akanivuta shati, akasema kwa lugha yake, "Mwambie bwana huyu kwamba ng'ombe wa baba yangu angekuwa ameshamaliza kuzisoma hizi karatasi." Nikamgeukia ofisa nikasema, "Anasema anashukuru kwa umakini wako." Ofisa akatabasamu, akagonga mhuri. Dereva akaniangalia kwa mshangao, akasema, "Kumbe dawa yake ni matusi!"

Mama yako alicheka mpaka akamwaga maharage aliyokuwa anachambua. Halafu akaniangalia amefumba jicho moja kama kawaida yake, akasema, "Na mimi huwa unanitafsiri hivyo hivyo kwa ndugu zako?" Nikamwambia ningependa sana, ila kwa bahati mbaya Kirundi chake na Kihangaza chetu ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo bibi yako alikuwa anasikia kila kitu.

Kazi ile ilinilevya, Leokadia. Niliona watu wanakuja wamekunja ngumi, ninayapitisha maneno yao kinywani mwangu, yanatoka yamenyooshwa kama shati la Jumapili, na watu wanaachana vizuri. Nikaamini nina kipaji cha amani. Hakuna aliyenishtaki hata siku moja, kwa sababu hakuna aliyekuwa anajua nilichokiacha. Kama kuna kitu kimoja nataka uchukue kwangu, kichukue hiki: mimi si mtu mwongo wa kawaida. Uongo wa kawaida ungeniuma, ningejishika. Wangu ulikuwa na sura ya msaada.

Sasa mama yako.

Uvimbe aliuona yeye mwenyewe akioga, titi la kushoto, mdogo kama punje ya harage. Alikaa nao miezi bila kusema. Aliponiambia tulikwenda hospitali, daktari akabonyeza, akaandika barua ya kwenda hospitali ya rufaa Mwanza, na tarehe ya kufika, wiki tatu mbele. Mama yako aliikunja barua ile akaiweka ndani ya sanduku pamoja na gauni lake la ndoa. Alikuwa anaogopa kisu. Na hapa nisimsingizie peke yake. Mimi niliogopa kumzidi. Babu yako alikwenda Mwanza akiwa anatembea, akarudi juu ya gari la mbao. Kila nilipoisikia Mwanza niliona mbao. Kwa hiyo waliposema kuna mhubiri anakuja kuombea wagonjwa siku tano pale uwanjani karibu na soko, sikukimbilia kwa Mungu peke yake. Nilikuwa pia nakimbia Mwanza.

Tena waandaaji wakaja kunitafuta mimi. Mhubiri alikuwa na Kiswahili cha mjini kinachokwenda kasi, na bibi zetu wa Kirushya Kiswahili chao ni cha kuuzia ndizi. Walihitaji mkalimani. Mimi, Mkatoliki niliyebatizwa kabla sijafumbua macho vizuri! Katekista alikutana nami njiani akasema, "Nasikia umeajiriwa na majirani." Nikamwambia natafsiri tu, imani yangu nimeiacha nyumbani imefungiwa. Akasema, "Angalia usiikute imeota kutu."

Wewe uliniona. Siku ya kwanza nilisimama wima kama mlingoti. Siku ya pili mhubiri aliruka, nami nikaruka. Akilia kwa Kiswahili, mimi nalia kwa Kihangaza. Watu waliniambia nahubiri kumshinda mwenyewe, na nilikataa kwa namna ambayo ingewafanya waseme tena. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, ukawa unajificha uso kwa kitenge kwa aibu. Ulikuwa na haki.

Lakini sitaki uende ukidhani ninasema yote yale yalikuwa maigizo. Siku ya tatu yule bibi wa bondeni aliweka fimbo yake chini akatembea. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, nilisikia magoti yake yakilia. Bibi huyo anatembea hadi leo, wewe mwenyewe leo umekwenda kumuaga. Sina maelezo. Nimeyatafuta nimeyakosa, na siku nyingine, badala ya kunifariji, jambo hilo linanitesa. Kama mkono wa Mungu ulikuwa pale kweli, ulikuwa pale na siku ya nne, mama yako alipopanda jukwaani.

Habari ya siku ya nne unaijua kama kijiji kizima kinavyoijua. Spesioza, mke wa mkalimani, aliombewa, akashuhudia kwamba amepokea uponyaji, watu wakaimba mapambio hadi vumbi likafunika spika. Baada ya miezi minane uvimbe ulikuwa umepasuka. Tukampeleka Mwanza akiwa hawezi kukaa. Akarudi kufia Runazi kwa dada yake, kwa sababu alitaka kusikia Kirundi cha kwao mwishoni. Na katika msiba ule watu wakaanza kusema kile wanachosema: Mungu hakosei, uponyaji ulipokelewa, basi lazima ndani ya nyumba alikuwamo mtu mwenye mashaka aliyeufukuza. Wazima walitazamana. Wewe mtoto ukanyoosha mkono.

Daktari wa Mwanza aliniambia maneno mawili, "Mngekuja mapema." Hakusema mngekuja mapema angepona. Alisema mngekuja mapema, akafunga faili. Nimeitafsiri sentensi hiyo kwa kila lugha ninayoijua, na katika zote inaishia pale pale. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba kisu kingemponya, wala asikuambie kwamba kisingemponya. Hatujui. Mimi ndiye niliyefanya tusijue.

Nilikwenda kuungama. Siyo kwa padri wetu, nilipanda gari mpaka Biharamulo nikatafuta asiyeijua sauti yangu. Akanisikiliza, akanipa rozari moja na ushauri wa kusema ukweli kwa anayehusika. Rozari nilimaliza kabla gari halijajaa kurudi. Huo wa pili ndio huu ninaouandika, miaka sita baadaye. Tangu hapo nasimama kanisani na midomo inakwenda, lakini maombi ya wagonjwa yakifika nakaa kimya. Si kwamba simwamini Mungu. Sijiamini mimi nikiwa kati yake na mtu. Wewe utaombea wengi huko. Ukisimama mbele ya mgonjwa, muulize anajisikiaje, halafu nyamaza mpaka amalize. Nami ningekuwa nimejifunza hilo mapema, lakini nilikuwa nimeshika kipaza sauti.

Sasa nikuambie kilichotokea. Nimekunywa chai vikombe vitatu nikitafuta namna nzuri ya kukisema, na namna nzuri ndiyo iliyotufikisha hapa, kwa hiyo nakisema kilivyo.

Mama yako hakutaka kupanda. Nilimsihi mimi. Alivua viatu vyake akakupa uvishike, ukasimama navyo chini ya ngazi za jukwaa, karibu nami kabisa. Mhubiri aliweka mkono juu ya kichwa chake akaomba, na aliomba kwa moyo, jasho lilikuwa linamdondoka puani. Alipomaliza akauliza, "Mama, unajisikiaje?" Nikatafsiri. Kipaza sauti kilikuwa kwangu, kwa hiyo alichojibu mama yako hakikusikika uwanjani. Alinijibu mimi, kwa sauti yake ya jikoni, kwa sababu Kiswahili mbele za watu kilikuwa kinamtia haya, hata jina lako alikuwa hajawahi kulisema bila kuligeuza "Reokadia". Alisema, "Sindakira."

Kirundi cha mama yako unakikumbuka. Sindakira: bado sijapona. Ukiondoa ile "si" ya mbele inabaki ndakira: napona. Na neno hilo hilo linatumika kwa kupokea pia. Napona, napokea. Uwanja mzima ulikuwa unasubiri neno hilo, mhubiri ananitazama na macho mekundu, na mimi natazama uso wa mke wangu ambao nimeupenda tangu nikiwa sina hata baiskeli, na nikaona kama nikilisema alivyolisema basi litakuwa kweli, na nikilisema bila kile kipande kidogo, huenda Mungu akaona aibu akalitimiza. Nilifikiri nampa Mungu nafasi. Nilifikiri kama pale mpakani, nikinyoosha tu, mhuri utagongwa.

Nikasema kwenye kipaza sauti, "Ndakira!" Kisha kwa Kiswahili, "Anasema anapokea! Amepona!"

Kelele zile unazikumbuka. Mama yako aligeuka akaniangalia. Hakukasirika. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyekukanyaga bila kujua, ukisubiri ainue mguu. Sikuinua.

Nyumbani aliniuliza, "Baba Reokadia, kwani mimi nilisema hivyo?" Nikamwambia, "Ndiyo imani ilivyo, unasema kwanza." Wiki ya kwenda Mwanza ilipofika nilimwona amelitoa gauni la ndoa sandukuni, na ile barua mkononi. Nikamwambia twende. Na hapa ninaapa, nilimwambia twende. Akasema, "Umesema mbele ya watu wote kwamba nimepona. Nikionekana kwenye basi la Mwanza, kati yangu na wewe, nani atakuwa mwongo?" Nilitakiwa kusema, mimi. Neno moja, na kwa lugha yoyote ni jepesi. Nilisema, "Basi tusubiri kidogo tuone." Aliirudisha barua ndani. Mama yako hakufa kwa kukosa imani, Leokadia, wala kwa mashaka ya mtoto. Miezi ile minane alikuwa ananilinda mimi nisiaibike.

Na hili la mwisho ndilo lililo zito kuliko yote, kwa sababu yale mengine nilimtendea mtu mzima. Siku ya tatu baada ya kuzika, kule Runazi, ulinifuata nyuma ya nyumba nilipokuwa napasua kuni ambazo hakuna aliyenituma kuzipasua. Ulisema, "Baba, siku ile pale kwenye ngazi nilisikia mama amesema sindakira. Wewe ukasema ndakira. Nilisikia vibaya?"

Ulikuwa umesimama jua limekupiga usoni, umefumba jicho moja kama yeye.

Nilikujibu, "Ulisikia vibaya, mwanangu. Ni mashaka yako ndiyo yaliyokusikizisha hivyo. Mwombe Mungu akusamehe."

Ukasema, "Ndiyo, baba." Ukaenda ukapiga magoti kwenye mahindi, nikakuona, nikaendelea kupasua kuni.

Ulisikia vizuri. Ulisikia alichosema, neno zima, na mwanzo wake. Tulikuwa watu wawili tu tuliomsikia katika uwanja ule wote, na kati yetu aliyethubutu kuuliza ni wewe.

Baba yako